Mwiko Aliompokonya Mgeni

Wivu ukimkaa mtu rohoni, hata kitoweo kitamu humgeukia shubiri. Muulize Mwantumu wa Narung'ombe.

Tembo walikuwa wamemmalizia mahindi shambani, akabaki na makopa kidogo ya muhogo. Hata hivyo Albina, mkimbizi kutoka Msumbiji, alipobisha hodi na mwanawe mgongoni, alimpokea. Majirani wakamsifu, naye akavimba kichwa. Baada ya siku chache akamkabidhi mwiko, na kwao mgeni akishapewa mwiko si mgeni tena, ni mtu wa nyumba.

Balaa likaanzia hapo. Albina alijua kupika, jamani! Kisamvu kile kile, chumvi ile ile, lakini Mikidadi, mume wa Mwantumu, mtu wa kula kimya, alilamba vidole akauliza, "Leo kapika nani?"

Leo kapika nani! Miaka yote ya ndoa hajawahi kuuliza. Mwantumu hakulala kwa wivu. Asubuhi alimkuta Albina anasonga ugali, akampokonya mwiko mbele ya watoto.

"Jiko hili lina mwenyewe!"

 Albina alimbeba mwanawe, akavuka ua kwa Bibi Hajra, mjane asiye na mbele wala nyuma, naye akampa mwiko siku hiyo hiyo.

Makopa yakaisha. Ndipo lori la msaada lilipokuja kutoka Nachingwea na unga, maharage na mafuta, kwa wakimbizi na kwa wenyeji wanaokula nao chungu kimoja. Mwantumu alifika wa kwanza na ndoo yake, bila hata chembe ya haya.

"Mgeni wangu yule pale," akamwambia mgawaji.

Mgawaji akamgeukia Albina. "Mama, unakula jiko la nani?"

Albina alimtazama Mwantumu bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Dada huyu alinipokea, Mungu ambariki. Lakini mwiko ninao kwa Bibi Hajra."

Jioni harufu ya maharage ikavuka ua kutoka kwa Bibi Hajra. Mikidadi akainua pua. "Lo! Leo kapika nani?"

 Mwantumu alikuwa jikoni, ameushika mwiko wake, na sufuria ya maji inachemka bila unga.