Macho ya Kuazima

Binti aliyekuwa akirekebisha picha pale studio, mpwa wa mwenye studio, ukoo mzima ulimwita Kifutio, na jina lilimkaa. Mpe picha ya mtu mwenye chunusi arobaini, atakurudishia mtu mwenye ngozi ya mtoto mchanga. Aliwahi kumtoa shemeji mzima kwenye picha ya harusi, na watu wakaipitisha mkono kwa mkono bila kuuliza kitu. Kompyuta ile na programu yake ya kuhariri alizijua kama jiko la mama yake. Kilichomshinda duniani ni kitu kimoja tu, nacho kilikaa ng'ambo ya barabara, kinatengeneza vyerehani.

Mwaka mzima alimpenda fundi wa vyerehani, na mwaka mzima hakusema lolote. Waliamkiana, basi. Fundi akipita husema habari za kazi, dada, naye hujibu nzuri, kaka, halafu ulimi unaganda mpaka mtu amefika kona. Hiyo "dada" ilimchoma, lakini angemlaumu vipi na yeye mwenyewe ndiye mwenye "kaka"?

Sasa fundi alikuwa anahama. Alipata chumba kikubwa upande wa pili wa mji, na juma lile alikuja kupigwa picha ya kuweka kwenye bango la karakana mpya. Leo saa nne asubuhi angeichukua aondoke na mizigo yake, na baada ya hapo habari za kazi zingekwisha. Kifutio alifika kazini saa moja na nusu, hata chai hakunywa.

Mjomba wake alikuwa ameshanuna. Picha kumi na tatu alizompiga yule kijana, na katika zote kumi na tatu macho yamehama. Anaambiwa atazame kamera, anatazama, mjomba akigusa tu kitufe, macho hayo, yameshaenda kushoto. Mjomba ana miaka thelathini kwenye kazi hii, na usipomuuliza atakuambia, lakini alikiri hajawahi kukutana na macho mazururaji namna ile. Akatoa amri: mng'ao kwenye miwani ufutwe na macho yanyooshwe, maana nani atampelekea cherehani yake fundi anayechungulia pembeni? Kisha akaingia chumba cha ndani kupanga taa.

Kifutio akafungua picha ya saba, iliyokuwa na nafuu, akaikuza mpaka uso ukajaa kioo kizima. Akafuta uzi uliong'ang'ania kola. Akafuta doa la mafuta ya cherehani shavuni, akaona haya kana kwamba amelipangusa kwa kidole chake. Halafu akaingia kwenye miwani.

Mng'ao wa miwani kwa kawaida ni dirisha au taa, unaufuta huku unapiga soga. Huu ulikuwa na mambo ndani. Alipoukuza zaidi akaona meza, na juu ya meza kompyuta, na nyuma ya kompyuta mtu ameegemeza kidevu kiganjani, mdomo wazi kidogo, anamtazama fundi bila aibu yoyote. Alikuwa ni yeye. Ewe Mola, siku zote alidhani anaibia kwa ustadi, kumbe anakodoa hivyo. Alitamani kuingia chini ya meza na kukaa huko mpaka bango lichakae.

Ndipo akili ikamfikia, polepole, kama maji ya bomba yanaporudi. Kushoto kwa mjomba kuna nini? Kuna meza. Na mezani anakaa nani? Akafungua picha zote, moja baada ya nyingine. Kumi na tatu kwa kumi na tatu, yale macho yalikuwa yanakuja kwake. Akasimama, akakaa, akasimama tena, akacheka peke yake hadi mjomba akauliza kutoka ndani kama anaumwa. Alijibu kuwa ni mafua.

Lakini amri ni amri, na uhakika hakuwa nao. Macho yakigoma, mafundi wa picha huyaazima kwenye picha nyingine ya mtu yuleyule, sasa huyu hakuwa na hata moja ya kuazima. Kwa furaha iliyomlevya, Kifutio akachukua macho ya picha iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya mwalimu mkuu mmoja wa kike, aliyekuja kupigwa picha jana yake. Akayapachika, akalainisha kingo, akachapisha. Mjomba alitupia jicho mara moja, akaridhika kwamba kijana sasa anatazama mbele kama mtu mwenye adabu zake, akarudi kwenye taa zake.

Saa nne fundi akaingia. Alipoipokea picha alirudi nyuma hatua nzima, akanyoosha shati, akasimama wima kama mtu aliyeitwa ofisini. Kifutio akainama kuitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akamwona mwalimu mkuu amevaa miwani ya fundi, anadai daftari. Kicheko kilimpanda akakimeza, kikapanda tena.

"Nzuri," fundi alisema, akiirudisha mezani taratibu. "Ila mimi sikuwa natazama kamera."

Kifutio alihisi masikio yanawaka moto. Sasa au basi tena. Ukutani, juu ya kichwa chake, ilitundikwa saa, na kwa woga akampa mtu mlango wa kutokea.

"Ulikuwa unatazama saa?"

Fundi akainua uso, akautafuta ukuta, akaonekana kushangaa kweli.

"Kumbe kuna saa hapo?"

Basi Kifutio hakungoja mjomba. Alimketisha fundi kwenye kiti kilekile, akaichukua kamera yeye mwenyewe, akasimama mbele yake. Macho yakanyooka moja kwa moja kwenye kamera, hayakuhama hata kidogo. Picha ilitoka imetikisika, kwa sababu mpigaji alikuwa anacheka, na fundi alikataa katakata kupigwa nyingine.