Reli ya Uvunguni

Jioni hiyo Tumainieli alifagia chumba, akanyunyiza maji kidogo kulaza vumbi, kisha akafungua kisanduku na kumwaga vipande vya reli sakafuni. Zilikuwa reli za bati za kuchezea mtoto, alizoachiwa na meneja wa shamba la mkonge siku alipofunga virago kurudi kwao. Vilikuwapo vipande vilivyonyooka, vilikuwapo vya kupinda, na pointi moja ya kugawa njia. Treni yenyewe haikuwamo kisandukuni. Hilo halikumsumbua. Ujana wake wote alikuwa mtu wa gengi kwenye reli ya Moshi, na mtu wa gengi kazi yake ni njia, treni hujileta.

Kilichomsumbua ni mkewe, Ernesta. Katika ukoo wao mtu akihama huwaaga marehemu wake. Anamimina dengelua, pombe ya miwa, kaburini, anawaambia tunakwenda mahali fulani, tufuateni. Sasa mwaka ule wa Operesheni Vijiji nani alipewa nafasi ya kuaga? Lori lilifika mlimani asubuhi, mgambo wakang'oa mabati, na jua la utosini likawakuta watu tambarareni chini ya Same, mbele ya viwanja vilivyopangwa mstari. Ernesta akabaki kaburini nyuma ya migomba, hajaambiwa neno.

Waliopanda kuchuma ndizi walileta habari kwamba jua likizama Ernesta anakoka moto pale ilipokuwa nyumba, anapika, anamngojea mumewe. Walisema hivyo kama watu wanavyopeana habari za mvua. Tumainieli mwenyewe alipanda na kibuyu cha dengelua, akamwita, naye hakugeuka, maana asiyeagwa hasikii. Alishuka analia njia nzima.

Ndipo akakumbuka kisanduku. Akaamua kwamba uvungu wa kitanda ndio kwao mlimani, na kizingiti ndicho kijiji. Kwanza alitandika moja kwa moja. Ikatoka uvunguni treni yenye urefu wa mkono, ikaporomoka, ikagonga mlango na kulala ubavu. Bahati nzuri ilikuwa tupu. Aliona haya. Mtu mzima wa gengi, unashusha reli mlimani kama unamwaga maji!

Akainua upande wa kitanda kwa matofali apate nafasi, akaanza kuizungusha njia. Kipande cha kupinda hakina mjadala. Kinapinda kama kilivyotengenezwa, hakiongezi wala hakipunguzi. Alipanga, akapangua, akapanga tena, hadi vipande vyote vya kupinda vikaisha kwenye mteremko na vilivyonyooka vikamalizia safari mlangoni. Pointi ilirudi kisandukuni, haikuwa na kazi.

Honi ikalia uvunguni. Treni ikashuka polepole, ikasimama kizingitini. Ernesta akateremka akiwa na kimo cha kijiko, na alipogusa ardhi akarudia kimo chake. Mkononi alikuwa na sufuria ya makande.

"Hukuniaga, Baba Novatus."

"Sikupewa nafasi, Mama Novatus."

Walikula. Kisha Ernesta akauliza mfereji uko wapi, aoshe sufuria. Kule mlimani mfereji ulipita nyuma ya jiko, ukitoka kwenye ndiva, bwawa walilochimba babu zao. Tumainieli akamweleza kwamba hapa bomba limeahidiwa, na kwa sasa kina mama wanakwenda mtoni, ambako ni mbali. Ernesta akatoka nje, akaitazama safu ya nyumba, kila moja inatazama mgongo wa mwenzake. Akarudi ndani.

"Basi nirudishe."

Tumainieli akapiga magoti kuigeuza treni, na hapo akaona kosa lake. Injini ile haikuweza kusukuma mabehewa kinyumenyume mlimani. Ilitaka mzunguko wa kugeukia, na vipande vyote vya kupinda vilikuwa vimebeba mteremko. Akivitoa, mlima hauna njia. Akiviacha, kijiji hakina pa kugeuzia. Maisha yake yote treni zilikwenda kugeuzwa Moshi, kazi ya watu wengine. Yeye alikuwa amepanga kufika tu.

Kulipokucha mwenyekiti wa kijiji, Isihaka, alikuja kumsalimia mgeni. Alimpa shikamoo kwa adabu zote, akamkaribisha kijijini, akafurahi kwamba idadi ya watu inazidi kupanda, na akamtajia siku ya shamba la pamoja. Aliona ile treni imegusa mlango kwa pua, akairuka.

Alipoondoka, Tumainieli alishindwa kuinua uso. Kaburini walau mkewe alikuwa na maji.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe. Huo mto uko upande gani?"

Akamwonyesha. Ernesta akachukua debe, akaingia nyuma ya msafara wa kina mama, na hakurudi hadi jua la utosini.