Subirini Sukari Ikauke

Nyota aliniletea habari ile kwenye ua unaotenganisha viwanja vyetu, huku akijifanya anaanua nguo. Mume wake, Feruzi, alikuwa tarishi katika ofisi ya wazungu, na tarishi hufungua milango siku nzima. Anayosikia ni mengi.

"Kesho asubuhi banakuja kwako," alisema bila kunitazama. "Bwana wa ofisi na madame moja. Kwa ajili ya mutoto."

Nilishika ua kwa mikono miwili. Nyuma yangu Hélène alikuwa anamfukuza jogoo na kumtukana kwa Kiitaliano. Alikuwa na miaka sita, nywele za baba yake na mdomo wangu.

Kwa ambaye hakuishi Stanleyville miaka ile, inabidi nieleze, ingawa kueleza kwenyewe kunanichemsha damu. Mtoto aliyezaliwa na mzungu na mwanamke mweusi, ikiwa baba hakumwandikisha kwa jina lake, wakubwa walimhesabu kuwa mtoto aliyetupwa. Analala kifuani pangu, namwogesha, namsuka, namchapa akikosea, lakini ametupwa! Basi walikuja kumwokota. Walimpeleka mbali, kwa masista, mahali ambapo mama hafiki. Georgette, anayeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, aliambiwa kwamba mwanawe René anakwenda kuonyeshwa sanamu za Noeli kanisani na jioni atarudi. Hiyo ilikuwa Noeli iliyopita. Mpaka sasa Georgette akisikia gari linasimama, anaacha mboga zake na kwenda kutazama anayeshuka.

Na Ettore wangu? Ettore alikuwa fundi wa madaraja, mtu mwema, mkono wazi, na mvivu wa karatasi kupita kiasi. Kila nilipomwambia twende tukamwandikishe mtoto, alinibusu kwenye paji la uso akasema kesho. Mama yake akaugua huko kwao, akapanda ndege. Alisema atarudi kabla ya Pasaka. Ile kesho aliondoka nayo.

Mdogo wangu Constant alikuwa amefika kutoka Yanonge na samaki wa sikukuu. Mtumbwi wake ulifungwa libongo, pale kwenye ukingo wa mto, chini tu ya jiko letu. Niliposhuka kumweleza, hakuuliza mara mbili. Alianza kusogeza vikapu ili tupate nafasi.

"Yaya, dada yangu, panda na mutoto. Twende sasa."

"Niende kama mwizi? Hélène iko na baba. Iko na nyumba, iko na kitanda. Banabeba batoto ba kutupwa. Batakuja, bataona huyu hakutupwa."

"Bataona nini?"

"Bataona Noeli ya baba yake."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa malaria akisema ovyo. Lakini mimi ni mkubwa wake, kwa hiyo akaviacha vikapu. Nilimwomba tu asiondoke mpaka wageni wapite.

Mpango wangu ulikuwa huu. Kila Desemba Ettore alivua shati, akaingia jikoni na kuoka biskuti za mama yake. Si hizi ngumu za kopo zinazovunja meno. Ni biskuti laini, za mviringo, zenye harufu ya limau, na juu zimevikwa sukari nyeupe. Alinifundisha, na Hélène akajifunza akiwa amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia. Sahani zilikwenda kwa majirani wote, kwa Wakristo na kwa akina Feruzi pia. Nikajiambia: wakikuta biskuti za baba, katika nyumba ya baba, kwa sikukuu ya baba, nani atathubutu kusema mtoto huyu ametupwa? Nilijiona nina akili kuliko wanasheria wote wa Ubelgiji. Maskini mimi.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne niliwasha kuni jua likichomoza. Nilichanganya siagi na sukari, nikavunja mayai, nikakwangua maganda ya malimau, nikatia unga. Donge la biskuti hizi linataka mkono wa taratibu, likikandwa sana linakuwa gumu. Mikono yangu haikuwa ya taratibu. Kila gari lililopita barabarani nilikimbia mlangoni na unga hadi kwenye viwiko. Trei ya kwanza iliungua hivyo hivyo, nikiwa mlangoni natazama lori la mafuta ya mawese.

"Mama, papa anasema zisigeuke rangi," Hélène alinikaripia. "Zibaki nyeupe."

"Najua. Usinifundishe kazi."

"Sasa mbona unalia?"

"Kuni mbichi."

Trei ya pili ilitoka vizuri, nyeupe juu, rangi kidogo tu chini. Nilitwanga sukari kwenye kinu mpaka ikawa kama unga, nikaichekecha kwa kitambaa, nikaikoroga na maji ya limau na tone la maziwa. Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Biskuti ipoe kwanza. Kisha unaichovya kichwa, unaigeuza, unaiweka kwenye wavu, halafu usiiguse. Ukiigusa mapema, alama ya kidole inabaki. Ukizipanga kwenye sahani mapema, zinashikana na kuwa kitu kimoja. Ettore alikuwa anatupiga mikono, mimi na Hélène, tukinyemelea wavu.

Nilizichovya za kwanza, zikakauka, nikazipanga kwenye sahani ya maua. Nilikuwa nachovya za mwisho niliposikia gari likisimama. Si kupita. Kusimama.

Bwana wa ofisi alikuwa mwembamba, ameshika kofia yake nyeupe. Madame alikuwa mnene, mwenye jasho na uso mzuri. Nasema ukweli, uso wake ulikuwa mzuri, na hiyo ilinitisha zaidi, maana kwa mtu mbaya unajua pa kuanzia. Niliwakaribisha sebuleni. Kwetu hutoi chakula kwa mgeni bila kukionja mwenyewe mbele yake, ili ajue hakina sumu, basi nikachukua biskuti ya juu, nikaimega, nikameza. Madame akachukua ya pili.

"Oh!" alisema. Akala nyingine. "Nani aliyefanya hizi?"

"Mimi na papa na mama," Hélène akajibu, amesimama wima na gauni lake la Misa. "Mwaka huu papa hayupo, kwa hiyo mimi ndiye papa."

Madame alicheka. Alimwuliza kama anajua kusali, naye akasali kwa Kifaransa bila kukosea. Akamwuliza papa alimfundisha nini kingine, naye akaimba wimbo wa Kiitaliano, akahesabu, akaonyesha jinsi ya kukunja leso pembeni mwa sahani. Na mimi, mjinga, nilikuwa nimesimama pale kifua mbele. Nilifikiri: tumeshinda.

Ndipo madame alipomgeukia Bwana na kusema naye kwa Kifaransa, haraka na kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosema mbele ya kabati. Kwa Kiswahili nilikuwa nimewakaribisha, na kwa Kiswahili walinijibu. Hawakujua kwamba niliishi na masista wa Yanonge mpaka nikavunja ungo, wala hawakuuliza.

"Angalia adabu hizi," alisema. "Huyu ni mtoto wa kizungu kabisa. Kumwacha hapa ni hasara."

"Nilifikiri tutamkuta mchafu kama wale wengine," akasema Bwana. "Gari liko nje. Tumchukue leo, mama asipate muda wa kupiga kelele."

Kumbe wale wachafu, wenye kamasi, wasiojua hata *bonjour*, waliweza kuachwa mwaka mmoja zaidi. Wangu nilikuwa nimemwogesha, nimemvika, nimemfundisha, nimemwekea na sahani ya biskuti pembeni, nikamkabidhi.

Madame akanigeukia na tabasamu, akarudi kwenye Kiswahili chake. "Mama, tunapeleka mutoto kuona sanamu ya Mutoto Yesu kule kanisani. Jioni anarudi."

Maneno yale yale ya René. Hata hawakuona haja ya kutunga mengine.

Nilitaka kupiga yowe. Nilitaka kumrukia. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, ya upole, "Ndiyo, madame. Acha nimuvalishe viatu. Na madame hawezi kwenda mikono mitupu, nitamufungia biskuti za batoto wake. Lakini zile zingine sukari bado maji. Mukibeba sasa, zitashikana. Musubiri kidogo ikauke."

Bwana alitazama saa. Lakini madame alishatazama sahani, ambayo ilikuwa imebaki na tatu. "Tusubiri, jamani," alisema. "Ni Noeli."

Nilimshika Hélène mkono, tukapita mlango wa nyuma, tukavuka kiwanja hadi jikoni. Sikukimbia. Kutokukimbia ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya. Tulipopita nyuma ya jiko ndipo nilipombeba na kushuka naye mtoni, nikiteleza kwenye udongo, nimemziba mdomo kwa kiganja kwa sababu alikuwa anauliza, anauliza tu.

Constant aliniona uso, akafungua kamba.

Nilimlaza kati ya vikapu vya chikwangue, mikate ya muhogo, nikamfunika mkeka.

"Na wewe panda," alisema Constant. "Yaya, panda!"

Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya maji. Mungu ndiye anayejua jinsi nilivyotaka kuinua wa pili. Lakini hesabu ilikuwa wazi. Tukitoweka wote, wale wawili wangechoka kungoja mara moja, wangetoka nyuma, wangeona mto wote mweupe na mtumbwi mmoja katikati. Polisi walikuwa na boti ya mota. Constant alikuwa na kafi. Mtu mmoja ilibidi arudi sebuleni.

"Usiende kwa mama nyumbani. Pita, uende kwa shangazi, ndani ya msitu," nilimwambia.

"Batakufunga."

"Enda!"

Chini ya mkeka Hélène aliita, "Mama, unakuja saa ngapi?" Nilimjibu kwamba nakuja. Nilisukuma mtumbwi kwa mikono yangu mwenyewe, na maji yakauchukua.

Nilinawa tope miguuni. Niliingia sebuleni na kahawa.

"Mutoto anavaa," nilisema. "Iko na kiburi cha baba yake, haendi kanisani bila utepe." Niliwaonyesha kwa kidole kichwani, nikimaanisha utepe wa nywele, madame akacheka, akasema hata yeye ana binti wa namna hiyo. Niliwamiminia. Niliwauliza habari za watoto wao, majina yao, nani anayepiga piano, nani mgonjwa wa meno. Sijawahi kuwa mcheshi kama siku ile. Jasho lilitiririka mgongoni chini ya kitenge, na kila walipovuta pumzi kutaka kusimama, nilitoka kwenda kutazama sukari. Mara ya kwanza niliona mtumbwi bado uko karibu mno, nikaona hata shati la Constant, nikauma ngumi ili nisimwite. Nikarudi. "Bado kidogo, madame. Unyevu wa Stanleyville." Mara ya pili ulikuwa kama kijiti. Mara ya tatu nilitazama mpaka macho yakauma. Kulikuwa na mto na kisiwa, basi.

Niligusa biskuti moja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imekauka.

Nilizipanga, nikazifunga kwa kitambaa safi, nikaziweka mapajani mwa madame. Bwana alisimama, akavaa kofia.

"Hélène!" aliita kuelekea nyuma. Akasubiri. "Hélène!"

Jogoo peke yake alijibu. Bwana alikwenda hadi mlango wa nyuma, akatazama kiwanja, jiko, miti. Aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu. Madame alikuwa ameshaelewa. Alishika lile furushi kama mtu asiyejua aliweke wapi.

"Mutoto iko wapi?" Bwana aliniuliza.

Mbele ya mzungu mgeni nilikuwa sijawahi kukaa. Nilivuta kiti cha Ettore, kile cha mwanzo wa meza, nikakaa. Hofu ilikuwa bado ipo, yote, lakini haikuwa na pa kunishika tena.

Nikawajibu kwa Kifaransa, polepole, kile cha masista, ili wasikose hata neno moja. "Mtoto hayupo. Lakini gari liko nje, niliwasikia mkisema. Nipelekeni mimi."