Kofia ya Mama Mifupa

Kila jiwe la zamani kwake lilikuwa kama mtoto, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mafundi walimwita Mama Mifupa. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya katapila lililochimba mtaro wa maji machafu katika mji wa kale, macho hayabanduki kwenye udongo, ili kisivunjwe kitu cha watu wa zamani bila kuonwa. Akiinua mkono, kazi inasimama. Msimamizi wa ujenzi aliuchukia mkono ule kupita kiasi.

Dereva wa katapila alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Dada ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, na mama yao hakukubali atoke nyumbani hata siku moja bila kumwambia, "Mwangalie mdogo wako." Kana kwamba dume zima lenye ndevu ni kitoto cha kubebwa mgongoni!

Asubuhi ile kijiko cha katapila kilikuwa karibu kuukwangua ukuta wa mawe uliojitokeza mtaroni. Mama Mifupa akamwashiria mdogo wake alisogeze katapila kushoto kidogo. Ukuta ukapona. Akajisifu moyoni, mpaka alipoona mchanga unachuruzika na kupotea kwenye kitundu kisichozidi ngumi.

Akachutama, akatumbukiza kokoto. Kimya. Kisha, mbali huko chini, chubwi!

Mama yangu! Moyo ulimlipuka. Ule haukuwa ukuta wa nyumba. Ulikuwa ubavu wa tangi la maji la watu wa kale, na kushoto ndiko lilikokuwa dari lake. Kwa kuhurumia mawe, alikuwa amemweka mdogo wake juu ya shimo, pamoja na lile lidude zito.

Sasa afanyeje? Apige kelele, injini inanguruma vile, nani asikie? Na kuinua mkono ndiko kungemuua. Alimjua mdogo wake. Akiuona mkono tu, hubwaga kijiko chini, puu, akazima injini, akaruka kuja kuchungulia kilichopatikana. Mdaku huyo, hana mfano! Puu moja tu, na dari lile lingeshuka naye.

Kijasho chembamba kilimtoka. Kijiko kikapanda kimejaa, kikamwaga udongo. Mdogo wake akageuka kumtazama, kama alivyofanya kila baada ya kijiko kimoja. Na mkono wa Mama Mifupa, jamani, mkono uliozoea kazi, ukaanza kupanda wenyewe!

Ulipofika sikioni akauwahi, akashika kofia ngumu. Akaivua.

Kofia ikivuliwa ni saa ya kula. Ndivyo walivyokubaliana: katapila lirudi nyuma kwanza, mbali na mtaro, ndipo kijiko kishushwe. Lakini jua lilikuwa bado changa. Mdogo wake akajigonga kifundo cha mkono kuuliza: saa hizi? Mama Mifupa akalazimisha tabasamu huku machozi yakimlenga, akajipapasa tumbo.

"We mama, unatuharibia siku!" msimamizi akafoka nyuma yake. Hakugeuka.

Tumbo la mdogo wake halikuwahi kukataa mwaliko. Akacheka nyuma ya kioo, akarudisha katapila nyuma taratibu. Taratibu mno! Kimoyomoyo dada alimtukana matusi yote aliyoyajua. Katapila lilikuwa ndio kwanza limeondoka pale, ardhi ikalia kraa, ikabonyea, kisha ikazama yote kwa kishindo. Vumbi likawafunika.

Lilipotulia, mdogo mtu alikuwa amesimama kando yake, akilitazama shimo na maji meusi yaliyokuwa bado yanachezacheza chini.

"Dada, si pale uliponisogeza?"

Akaitikia kwa kichwa. Vidole vilikuwa vimeing'ang'ania kofia, haviachii.

Mdogo wake akavibandua kimoja kimoja, polepole.

"Mama akiuliza," akasema, "mwambie leo nilikula mapema."