Asilimia Saba

...saba, imeandika saba, au ni macho yake tu, maana asubuhi ilikuwa kumi na moja na tangu asubuhi hajaandika zaidi ya MAJI na FENI, maneno mawili, herufi nane, sasa asilimia nne nzima zimekwenda wapi, na Nkwabi akayakaza macho kwenye skrini ya kompyuta iliyokaa juu ya kimeza pembeni mwa kitanda, akasubiri namba irudi nane, irudi tisa, kama vile betri nayo huwa inakosea hesabu na kujirekebisha, lakini saba ikabaki saba, karibu na kile kialama chekundu mbele ya jina la mausi, na mausi yenyewe ilikuwa chini ya vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto, vidole pekee vilivyobaki vikimtii katika mwili mzima, imekaa juu ya kibao cha kukatia mboga ambacho Evelina, mke wake, alikivisha kitambaa kisimkwaruze, nyepesi, haina waya, ikitaka kuzima haimuagi mtu... na huko barazani, nyuma ya pazia, kaka yake Luhende alikuwa anasema, "Gari ninalo hapo chini barabarani, shemeji, mwenye gari anataka tuwe tumeondoka ifikapo saa kumi na moja, tukiweka godoro nyuma tukamfunga vizuri anafika Kwimba bila tatizo lolote," na saa ya pale kwenye skrini inasema saa tisa na nusu, kwa hiyo ni saa moja na nusu, saa moja na nusu na asilimia saba, na hayo mawili yanakimbizana wala hajui lipi litatangulia kwisha.

Kahigwa ndiye aliyemfundisha, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu wa Bukoba, mpole, anayenyoosha miguu ya watu kama anakunja nguo za kanisani, alimwambia, ukiona mshale unarukaruka usihangaike nao, fungua mipangilio, ingia kwenye vifaa, utaona betri imebaki ngapi, ikishuka chini ya kumi mwambie mama abadilishe... mwambie mama, sawa, lakini mama alikwishabadilisha, zile betri za akiba zilikwisha Alhamisi, leo ndiyo Evelina alikuwa ashuke mjini Nyamagana kununua nyingine, ameshavaa kabisa, ameshika na mkoba, ndipo Luhende akabisha hodi, shikamoo shemeji, marahaba, karibu ndani, na mkoba ukarudi kwenye msumari, na sasa kwenda na kurudi kwenye hii mipangilio kumemla mibofyo sita, huenda ndiyo iliyoila ile asilimia ya nane, mtu anaogopa kuishiwa mpaka anaimaliza kwa kuichungulia, ondoka hapo Nkwabi, funga, rudi kwenye herufi... lakini vidole havikutoka, kwa sababu akitoka hapa hataiona tena namba, na namba asiyoiona ni mbaya zaidi, Jumanne ile iliandika nne, akajisemea nne inatosha, akapumzisha macho, alipofumbua mshale umeganda katikati ya skrini kama mjusi kwenye ukuta, na Evelina amefuata dawa, na nzi akaja akatua kwenye kona ya jicho, akatembea, akanywa, akatoka, akarudi na mwenzake, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, na yeye yumo humu ndani anapiga kelele ambazo hazina mlango wa kutokea.

"...na huko kuna watu, shemeji, hapa uko peke yako na haya mawe," alikuwa anasema Luhende, na ni kweli kuna mawe, nyumba yao ya Kitangiri imekaa juu ya mawe na chini ya mawe, ngazi arobaini na moja mpaka barabarani, siku walipomtoa hospitali walimpandisha wanaume wanne kwenye kiti cha plastiki na ziwa likawa linapanda na kushuka mbele ya macho yake kama maji kwenye beseni, kwa hiyo wakimshusha leo hakuna atakayempandisha tena, hilo analijua, mtu wa namna yake hashushwi mara mbili... na Luhende si mtu mbaya, laiti angekuwa mtu mbaya, ni Luhende aliyembeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule mvua za masika, na leo alipoingia chumbani alilia, akajifuta kwa kofia, kisha akamwinamia akapaza sauti kama mtu anayesemesha kiziwi, "NKWABI! TUNAKUPELEKA NYUMBANI! KWA MAMA!" akatoka, hakungoja, maana jibu lilikuwa bado liko kwenye N, mshale unaruka, na mtu mzima mwenye gari la kuazima hawezi kusimama kitandani akingoja herufi... na nyumbani kwa mama nguzo za umeme ziliishia shuleni, kompyuta itawekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa kisafi, heshima kabisa, na yeye atatolewa uani asubuhi, atalishwa uji, watu watakuja kumsalimia na watamjibia wenyewe, "anasema hajambo, anasema amefurahi umekuja," watampenda sana, watazungumza juu ya kichwa chake kwa upendo miaka ishirini, thelathini, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba yupo.

Angeweza kutoa mlio, mlio anao, unatoka kifuani kama wa ng'ombe aliyezama topeni, lakini ukitoka Evelina anakuja na kitambaa kumfuta mate na kumgeuza ubavu, na Luhende atasema unaona, anateseka, twende... yeye huyu, MC Nkwabi, sauti iliyokuwa inasikika ukumbini hata umeme ukikatika, wageni waalikwa naomba tusimame, tusimame wote, mama mzazi wa bwana harusi huko nyuma nakuona, vigelegeleee, miaka kumi na nne ya harusi na ubarikio na sendofu, maneno yalikuwa yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, hakuwahi kufikiri kwamba yana mwisho, hata ile Jumamosi alipoanguka na kipaza sauti mkononi, kati ya keki na zawadi, ukumbi mzima ulipiga makofi, walidhani ni kichekesho, na yeye amelala pale chini shavu kwenye zulia jekundu anayasikia yale makofi na kujaribu kusema jamani si mchezo, na ulimi umeshakuwa nyama tu...

"Nimechoka, shemeji." Hiyo ilikuwa sauti ya Evelina. Nkwabi aliisikia vizuri, haikuwa na pazia wala ukuta, "sikatai, nimechoka, tangu mwaka juzi sija..." na korongo wawili wakatua juu ya bati kwa kishindo, miguu yao mizito ikatembea krach krach krach juu ya maneno ya mke wake, akawalaani, ondokeni, ondokeni nyie walaji wa matumbo ya samaki, na walipotulia ilikuwa sauti ya Luhende tena, ya chini, ya kubembeleza, "basi, basi, hakuna anayekulaumu," na ubaridi ukaanzia mahali ambapo kwa kawaida hasikii kitu, amekubali, hakatai, amesema hakatai, amemtoa, na mkoba ule pale kwenye msumari... saba, bado saba, andika sasa, andika kabla hawajaingia na godoro, lakini andika nini, asilimia saba ni maneno mangapi, manne, matano, labda NATAKA KUBAKI, labda MSINIPELEKE, au amshike mke wake penye aibu, aandike UMENICHOKA, kompyuta iisome kwa sauti mpaka Luhende aisikie huko barazani, mwanamke mbele ya shemeji yake, ajieleze, na hasira ikampa vidole nguvu, akafunga mipangilio, namba ikapotea, akafungua kibao cha herufi, mshale ukaruka hadi ukingoni mwa skrini, akaurudisha, akabofya U, ukaruka, akabofya M, akabofya E.

Na kompyuta, ambayo siku zote humrahisishia, huona herufi za mwanzo ikamletea neno zima alilozoea kuliandika ili asisumbuke, ikamletea juu ya kibao neno lake: UMECHELEWA.

Akaliangalia, hakuwa ameliomba, limekuja lenyewe, la kwanza kabisa, maana yake ndilo aliloliandika mara nyingi kuliko yote yanayoanza hivyo, lini, ah, kila siku, Evelina alipotoka bombani, alipotoka dukani, siku alipotoka kumzika mama yake huko Sengerema, amevuka kwa feri ya kwanza ya Kamanga na macho yamevimba, akafungua pazia na ile sauti ya kompyuta ikampokea mlangoni, u-me-che-le-wa, naye akavua viatu, akasema nisamehe mume wangu, foleni ilikuwa ndefu, akaingiza mikono chini yake akamgeuza... na kando ya hilo yalipangwa mengine aliyozoea kuyaandika, yote yake, MAJI, GEUZA, FENI, NZI, HAPANA, HARAKA, EVE MAJI, EVE UKO WAPI, mwaka mmoja na nusu wa kusema na mkewe, umetoshea kwenye mstari mmoja juu ya kibao, akautazama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akiwa usingizini mdomo wazi, na akaogopa, safari hii si kwa sababu ya gari wala ya Kwimba, aliogopa kwamba huyo mwanamke huko barazani ameishi miezi yote hii na mtu ambaye angelala tu asiseme kitu ingekuwa nafuu, kwamba hofu yake yote ya kuzimika, ya kunyamazishwa, ilikuwa ni hofu ya kunyimwa hili, haya, HARAKA na NZI... alikuwa na sauti, kumbe alikuwa nayo muda wote, na tazama kazi aliyoipa.

"...nikuitie vijana wa pale kijiweni watusaidie kumshusha?" Luhende. Kiti kikakwaruza sakafu, bado hajasimama, anajisogeza tu. Na Evelina hakujibu, au alijibu kwa kichwa, na kichwa cha Evelina hakisikiki kupitia pazia, kinatikisika ndiyo au kinatikisika hapana, na Nkwabi akagundua kwamba hajui, hajui kabisa, mwanamke aliyelala naye miaka kumi na mitatu, hawezi kukisia, kwa sababu kukisia kunataka uwe umewahi kumsikiliza mtu.

UME ilikuwa bado inangoja. Akaongeza C. UMECHELEWA, ikasema kompyuta. Akaongeza H. UMECHELEWA, ikasisitiza, ukiibofya mara moja tu unamaliza, na mshale ukatetemeka jirani yake kabisa, akauvuta pembeni, ukaruka, akauvuta tena, jasho likamshuka kwenye jicho na hakuna wa kulifuta, akabofya O, na kompyuta ikanyamaza, haikuwa na cha kupendekeza, hilo neno hailijui, akabofya K, akabofya A. Lipo. UMECHOKA. Sasa abofye SEMA, iende, lakini akaona vile itakavyosikika, itatoka kavu kama zile nyingine zote, tuhuma, umechoka, kama umechelewa, na Eve atainamisha kichwa na kusema nisamehe... hapana. Iko alama ya kuuliza. Lazima ipo mahali. Haikuwa kwenye kibao hiki, akapekua mstari kwa mstari, haipo, iko ukurasa ule mwingine wa namba na vialama, ambao hajawahi kuufungua hata siku moja tangu Kahigwa amwekee, kwenda ni mbofyo, kuitafuta ni mibofyo, mshale unaruka kama kuku aliyekatwa kichwa, na ikizima njiani ndiyo basi, neno litabaki kwenye skrini na watamfunga kwenye godoro chini yake, aliloliandika halitasemwa, akaogopa, akaenda, ukurasa ukafunguka, nyota, mabano, asilimia, na pale kwenye kona, ndogo, imepinda mgongo... akauburuza mshale, ukamkwepa, akauburuza, akabofya.

Akabofya SEMA.

Ile sauti ya kompyuta ni ya mwanamke asiyejua Kiswahili, siku zote hutamka kama anasoma orodha ya vitu vya ghalani, lakini safari hii ilipofika mwisho wa neno ilipanda, ikainuka juu kidogo na kubaki huko, "Umechoka?" na Nkwabi mwenyewe akashtuka, hakujua kwamba inaweza.

Luhende alikuwa anaeleza habari za barabara ya Misungwi. Akakatiza. "Anataka nini tena?" akauliza.

Kiti kingine kikakwaruza sakafu barazani.

"Ngoja kwanza, shemeji," alisema Evelina, na sauti yake haikuwa ile ya mtu anayekuja na kitambaa. "Ananiuliza mimi."