Ndevu Nyeupe za Mheshimiwa

Wanaume wengine walimfuata kinyozi awafiche mvi. Mheshimiwa alimfuata ampe. Kila uchaguzi ulipokaribia alifuga ndevu, na kinyozi akazipaka dawa mpaka zikawa nyeupe pe, ndevu za mzee asiyebanduka kwenye ibada. Uchaguzi ukishapita zilinyolewa, na ibada nayo ikapumzika.

Kinyozi hayo hayakumhusu. Kilichomkosesha usingizi ni mkewe, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa. Mama wa watu aliishi kwa mashine ya kusafisha damu pale hospitali ya serikali, mashine moja tu, nayo iligombaniwa kama mpira wa kona. Akikosa zamu, miguu ilivimba na pumzi ikawa ya kubahatisha. Hospitali za kulipia walizijua kwa kupita nje.

Ndipo siku moja, povu la sabuni likiwa bado shingoni kwa Mheshimiwa, kinyozi akajikaza kisabuni.

“Mheshimiwa, nisaidie. Mke wangu apate zamu ya uhakika kwenye ile mashine.”

“Mlete uwanjani siku ya mkutano wa kampeni tumwombee,” akasema Mheshimiwa. “Mengine niachie mimi.”

Kinyozi akadhani hayo mengine ndiyo mashine. Masikini, alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Uwanjani Mheshimiwa alimwekea yule mama mkono kichwani, akafumba macho, akamwaga machozi ambayo hata kinyozi wake hakujua huwa anayaweka wapi. “Simama, mama!” Naye akasimama. Angeshindwaje? Zilizokufa ni figo, si miguu, na tangu utoto alifundishwa kwamba mkubwa akisema simama, unasimama. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mpambe wa Mheshimiwa akanyakua kipaza sauti: “Amepona!”

Zamu yake ilipofika, muuguzi aliwapokea mlangoni kwa mshangao.

“Mama, umefuata nini tena huku? Si tulikuona kwenye televisheni?”

Kwenye kitanda chake alikuwa amelala mtu mwingine.

Mganga mkuu aliwaingiza ofisini, akafunga mlango, akanong’ona. “Ndugu yangu, najua hajapona. Lakini nikimrudisha kwenye mashine nitakuwa nimesema dua ya Mheshimiwa haikufika. Nitafukuzwa kazi, na mimi nina watoto.”

“Hata mimi ninao,” kinyozi akamjibu. “Mama yao ndiye huyu.”

Mganga mkuu akainuka, akawafungulia mlango.

Mwili ukaanza kuvimba, miguu kwanza, kisha uso. Majirani wakaja kupongeza. “Shoga, umenenepa! Uponyaji umekukubali!” Alipokataa, wakamwambia asikufuru. Ikafika siku ya mkutano mwingine, na mpambe akatuma gari limchukue akakae mstari wa mbele, watu waone ushahidi kwa macho yao. Kinyozi aliitwa hemani, nyuma ya jukwaa, aziweke sawa ndevu.

“Anakufa, Mheshimiwa,” alisema. “Simu moja tu kwa mganga mkuu. Nakupigia magoti.”

“Mtu aliyeponywa mbele ya umati anakufaje?” Mheshimiwa hakufumbua hata macho. “Unataka kumwaibisha Mungu? Subiri uchaguzi upite.”

Muda si muda akaanza kukoroma. Wembe ulikuwa mkononi na koo lilikuwa wazi. Kinyozi alilitazama koo lile, akauweka wembe chini. Akachukua kopo la piko. Akazipaka ndevu zile zikawa nyeusi tititi, akaacha rangi ikolee, akaifuta kwa taulo. Wamuone, aliwaza. Wakijua kwamba hata uzee wake ni wa kupakwa, labda watajiuliza na habari ya mke wangu.

Hemani hapakuwa na kioo. Mheshimiwa alizinduliwa na makelele ya umati, akapanda jukwaani mbio mbio. Uwanja ukanyamaza. Kinyozi, roho juu, akasubiri kicheko.

Mpambe alitoa macho. Lakini mtu yule kazi yake hakuipata kwa bahati nasibu. Akanyakua kipaza sauti.

“Muujiza! Mungu amemrudishia ujana!”

Kelele zilizofuata zilitikisa mabati.

“Na shahidi wake wa kwanza huyu hapa! Simama, mama!”

Mama akajaribu kusimama. Safari hii miguu nayo ilikataa. Akaanguka kwa magoti, mikono kifuani, mdomo wazi ukitafuta hewa.

“Anashukuru!” mpambe akapaza sauti, na uwanja mzima ukapiga magoti pamoja naye.

Aliyebaki wima ni kinyozi peke yake, vidole vyeusi kwa piko, akiruka migongo ya watu ili amfikie mkewe.

“Gari!” alilia. “Jamani, leteni gari! Anakufa!”

“Amina!” uwanja ukaitikia.