Bei ya Wenyeji

Akanisi alikuwa amelikunja zulia upande mmoja na kuketi juu ya vigae, akisuka mkeka. Chane za mkadi zilitapakaa hadi kwenye mlango wa baraza. Kila baada ya muda aliinua kichwa na kusikiliza hatua za nje, maana alikuwa ameahidi kwamba hatashika kazi.

Ahadi hiyo aliiweka kwa mumewe. Apisai alikuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu, na kwa miaka mingi aliwashusha abiria langoni pa hoteli hii asivuke kamwe mlango wake wa kioo. Msimu wa mvua, ndege za wageni zinapokuja nusu tupu, hoteli huwapunguzia wenyeji bei hadi theluthi. "Siku tatu," Apisai alisema. "Tule, tulale, tuoge. Hiyo mikono yako nayo ipumzike." Akanisi akakubali, kisha akazificha chane chini ya nguo za kanisani. Mtoto wa dada yake alikuwa anaoa Jumamosi ya wiki inayofuata, na mama wa bwana harusi haendi kwa wakwe bila mkeka.

Asubuhi walikula vizuri. Apisai aliirudia meza ya chakula mara nne, na mpishi akamkaangia mayai huku akimwita bwana. Sasa alikuwa bwawani, maji hadi kidevuni, mvua ikimnyeshea kichwani, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyedai kitu duniani.

Mlango ukagongwa. Akaingia mwanamke wa makamo na mkokoteni wa mashuka.

"Bula, mama," alisalimia. "Nimekuja kutandika." Akakitazama kitanda. "Kumbe kimeshatandikwa."

"Nimetandika mwenyewe."

"Haya. Umelipa ili mimi nije nikutazame?" Kisha akauona mkeka, akainama. "Msuko huu ni wa Nasaulevu."

"Ndiko kwetu."

Yule mwanamke akavua viatu, akakaa katikati ya kitanda. "Mimi Taraivini. Wa Waidrala."

Akanisi akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Mizimu ya Nasaulevu na ya Waidrala ni ndugu, kwa hiyo watu wa pande hizo mbili ni watani. Hutukanana pasipo kosa, na mtani akichukua kitu chako, hukasiriki wala hukidai.

"Walaji wa popo nyinyi," Taraivini alianza, akichukua ndizi mezani.

"Bora sisi. Nyinyi mliiogopa bahari mkakimbilia mlimani."

"Ndiyo maana mkiletwa hotelini mnakaa chini. Kiti mnakiona kama mnyama." Akaimaliza ndizi, akaukunja mkeka pamoja na chane zake zote. "Huu nimeupenda."

"Taraivini, huo ni wa harusi."

"Basi kanishtaki kwa babu zetu." Akaondoka nao juu ya mkokoteni.

Akanisi hakuwa na pa kulalamika. Mapokezi wangesema ni wizi, naye alijua si wizi. Mumewe angeuliza mkeka umetoka wapi. Akaenda bwawani kwa kuwa mikono haikuwa na pengine pa kwenda.

"Umekuja," alisema Apisai, akamsogelea.

Aliingia majini na gauni lake. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Baadaye walikula samaki wabichi wa ndimu na tui, na Akanisi akalala kwenye kiti kirefu, mdomo wazi. Alipoamka alimkumbuka dada yake na harusi isiyo na mkeka. Kisha akakumbuka kwamba utani hukata pande zote mbili.

Jioni alishuka hadi chumba cha kufulia. Taraivini na wanawake watatu walikuwa mapumzikoni, wameketi sakafuni kuuzunguka mkeka wakisuka. Ulikuwa umeongezeka mkono mzima. Akanisi alichukua bakuli la chakula la Taraivini, akakaa, akaanza kula magimbi yake.

"Mwizi," alisema Taraivini bila kuinua macho.

"Nipisheni hapo nisuke."

"Mgeni hashiki kazi. Umelipa."

"Nimelipa theluthi."

"Basi ipumzike hata hiyo theluthi. Kesho njoo na mikono yako. Leo kula."

Safu moja ilikuwa imelegea kidogo. Akanisi aliiona, akaendelea kula.

"Siku ya kuondoka nitakuja kuuiba," alisema.

"Tutaona."

Mapumziko yakaisha. Wakaukunja mkeka, wakaukandamiza kwa pasi baridi. Pindo lilikuwa halijaanzwa, na sufu nyekundu ya kulipambia ilikuwa bado ndani ya sanduku la Akanisi.

Apisai alikuwa barazani na vikombe viwili vya chai.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa watani."

"Wamekunyang'anya nini?"

Akanisi akanywa chai.

"Sanduku lilikuwa likichakacha tangu nyumbani," alisema Apisai. "Nikadhani nguo za kanisani umezitia wanga mwingi."

"Kesho mchana nitakuwa na kazi kidogo."

"Kesho ni kesho," alisema, akamvutia kiti.